Mkwaruzo wa Lenzi: Neno Moja, Kasoro Nyingi

Tuichukue sentensi moja ya kawaida: “Kioo cha kamera kina mkwaruzo.” Kisarufi haina dosari, na ni sentensi ya aina ile inayotarajiwa katika hati ya kukabidhiana vifaa, katika kitabu cha maelekezo, au katika ripoti ya mkaguzi wa mali ya serikali. Lakini fundi akiletewa sentensi hiyo bila ya kamera yenyewe, hawezi kuamua jambo lolote. Hajui ni kioo kipi kinachosemwa, kwa kuwa katika kamera moja mna vioo vya namna kadhaa. Wala hajui kama huo unaoitwa mkwaruzo ni vumbi la kupeperushwa, ni alama ya kuvumiliwa kwa miaka ishirini bila ya picha kuharibika, au ni kasoro ya kukifanya kifaa kisifae tena. Na pale ambapo fundi hakuweza kuamua, mtu wa bohari huamua kwa niaba yake: hukiandika kifaa kuwa kibovu, kikanunuliwa kipya, au humpa mtu kitambaa na kumwambia asugue. Uamuzi wa kwanza hupoteza fedha. Wa pili aghalabu hupoteza lenzi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi istilahi za kasoro za lenzi zinavyoweza kutengwa kwa maneno tuliyo nayo, na kwa nini haifai kuzitenga kabla ya kujua kila kasoro inafanya nini katika picha. Tumeichagua mada hii, ndogo kama inavyoonekana, kwa sababu kamera zimo mashuleni, mahakamani, katika idara za habari na katika maabara, na maelekezo yake huandikwa na watu ambao si wapiga picha.

Tuanze na neno kioo. Katika Kiswahili kioo ni ile dutu yenyewe inayopenya nuru. Ni kile cha kujitazamia. Ni cha dirisha. Na siku hizi ni uso wa televisheni na wa simu. Upana huu wa maana hausumbui nyumbani, kwa sababu mazingira hueleza. Katika kamera husumbua sana. Mbele kabisa huenda pakawa na chujio lililokazwa kwa hesi. Nyuma yake mna lenzi. Katika kamera za aina ya kioo kinachoinuka mna kioo hasa, kilichoinamishwa ili kuipeleka taswira kwenye dirisha la kutazamia. Mgongoni mwa kamera za dijitali mna skrini. Vyote vinne huweza kuitwa “kioo cha kamera”, na kila kimoja kina utunzaji wake.

Hatari iliyo kubwa imo katika hicho kioo cha ndani. Kioo cha ukutani kimepakwa madini yake upande wa nyuma, kwa hiyo tunapokipangusa mkono wetu hugusa kioo kitupu, kigumu, kisichojali. Kioo cha kamera kimepakwa madini upande wa mbele, tena kwa utando mwembamba mno; kitambaa cha pamba chenye chembe moja ya mchanga kinatosha kuubandua. Maelekezo yanayosema “safisha kioo kwa kitambaa” yakifuatwa na msomaji mtiifu aliyekwisha kuiondoa lenzi, yeye atasafisha kioo anachokiona mbele yake, na hicho ndicho kisichopaswa kuguswa. Ajabu ni kwamba hata kikikwaruzika, picha haidhuriki hata kidogo, kwa sababu kioo hicho huinuka na kuiachia nuru njia wakati picha inapopigwa. Anayeudhika ni mtazamaji katika dirisha. Kwa sababu hizo tunapendekeza kioo libaki kwa ajili ya hicho kinachoakisi peke yake, na vingine viitwe chujio, lenzi na skrini. Neno kiwambo, ambalo baadhi ya watu hulitumia kwa skrini, tunaliacha kwa ajili ya kile kifaa cha ndani ya lenzi kinachopanua na kufinya tundu la kupitishia nuru. Vinginevyo tutakuwa tumeukimbia utata mmoja na kuuzaa mwingine.

Lenzi lenyewe ni neno lililokwisha kukubalika, na hatuoni sababu ya kulifukua. Hata hivyo inafaa mwalimu ajue kwamba asili yake ni chakula. Wazungu walilitoa katika jina la Kilatini la zile punje bapa zenye tumbo pande zote mbili, kwa sababu ya umbo. Waarabu nao huita lenzi kwa neno lenye asili hiyo hiyo, na jina lao la punje hizo ndilo lililotupa sisi adesi. Laiti mambo yangalikwenda vingine, leo tungalikuwa tunazungumzia mikwaruzo ya adesi, na wapishi wangalitushangaa.

Tatizo la lenzi si asili bali ni kiasi. Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba lenzi ni kipande kimoja cha kioo. Mpiga picha akisema lenzi anakusudia mkebe mzima, wenye vipande kadhaa ndani yake. Ile lenzi mashuhuri iliyoitwa Tessar, iliyobuniwa katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena mwaka 1902, ilikuwa na vipande vinne; lenzi za kawaida za milimita 50 zilizofuata zilikuwa na sita au saba; na zile za kuvuta karibu na kusogeza mbali huwa na zaidi ya kumi. Sasa mtu akiandika kwamba “lenzi imekwaruzika”, je, ni kipande kipi? Swali hili si la ubishi wa wasomi, kama tutakavyoona punde. Kwa vile kiambishi ki- kimezoea kufanya kazi ya udogo, tunapendekeza kilenzi (wingi vilenzi) kwa kila kipande, na lenzi kwa kifaa kizima. Hivyo tunapata kilenzi cha mbele, kinachotazama nje, na kilenzi cha nyuma, kinachoelekea filamu au kihisi.

Sasa tuje kwenye mkwaruzo. Kitenzi kukwaruza ni cha kuparuza kitu kigumu juu ya kingine kikaacha alama, na masikioni mwetu kina sauti ndani yake. Wale wa rika la santuri wanaujua mkwaruzo kwa kuusikia: kila sindano ilipopita palia, na wimbo ukaruka. Filamu nayo ikikwaruzika, mstari huonekana katika kila picha inayosafishwa kutoka kwayo. Katika mifano yote miwili alama iko mahali pale pale penye habari, yaani pale panaposomwa na sindano au pale taswira ilipoandikwa. Ni jambo la kawaida basi kwa mtu kudhani kwamba lenzi nayo ni hivyo hivyo, na kwamba mstari ulio kwenye kilenzi cha mbele utajichora katika kila picha. Dhana hiyo ndiyo inayozipeleka lenzi nzima jalalani.

Ukweli ni kwamba taswira haiandikwi juu ya kilenzi cha mbele. Kila nukta ya kitu kinachopigwa picha hutawanya nuru yake, na nuru hiyo huingia kwa upana wote wa tundu la lenzi, kisha ikakusanywa tena kuwa nukta moja kwenye filamu au kihisi. Mtai ulio juu ya kioo huzuia sehemu ndogo tu ya nuru ya kila nukta, na wenyewe hauonekani, kwa sababu uko karibu mno kuweza kulengwa. Mtu aliyeketi nyuma ya dirisha lenye wavu wa mbu anaweza kulishuhudia jambo hili. Akiukodolea macho mti ulio mbali, nyuzi za wavu humpotea. Akizitazama nyuzi, mti ndio humpotea.

Tutoe hesabu ndogo. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa hadi f/2 huwa na tundu la upana wa milimita 25, lenye eneo la milimita za mraba 491 hivi. Mtai wa urefu wa milimita 5 na upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita una eneo la nusu milimita ya mraba. Hiyo ni sehemu moja tu katika elfu, na hakuna jicho litakaloitambua. Lakini lenzi hiyo hiyo ikifinywa hadi f/16, tundu hubaki na upana wa milimita 3 na kidogo, na mtai ukiwa umepita katikati yake huzuia kama asilimia 4. Hapo athari inaweza kuanza kuonekana. Ndiyo maana kamera za simu, ambazo tundu lake ni la milimita chache tu, huudhiwa mapema na mkwaruzo mdogo au hata na mafuta ya kidole.

Na ndiyo maana tukasisitiza mbele na nyuma. Karibu na kilenzi cha nyuma nuru imekwisha kubanwa kuwa pia nyembamba inayoelekea mahali pake, kwa hiyo mtai ule ule ukiwa nyuma hukata fungu kubwa zaidi la nuru ya nukta moja. Mkaguzi anayeandika “mbele” au “nyuma” amekwisha kutoa nusu ya hukumu. Zaidi ya hayo, madoa meusi yanayorudi mahali pale pale katika kila picha ya kamera ya dijitali, hasa tundu likiwa limefinywa, kwa kawaida si ya lenzi kabisa. Ni vumbi lililotua juu ya kihisi. Tumeona lenzi isiyo na kosa ikilaumiwa kwa sababu hiyo.

Athari ya kweli ya mkwaruzo wa mbele ni nyingine. Kingo zake ni nyeupe na zimevunjika, na jua au taa ikizipiga kutoka upande, hutawanya nuru ndani ya lenzi. Picha nzima hufifia. Cheusi huwa kijivu. Kwa sababu hiyo lenzi yenye mikwaruzo huweza kupiga picha safi kivulini na picha mbovu mtu alipolielekea jua. Dawa yake ya kwanza ni rahisi kuliko zote: kikinga jua mbele ya lenzi, au hata kiganja cha mkono kilichowekwa vizuri.

Kwa kuwa sasa tunajua kinachotokea, tunaweza kuyagawa maneno. Tunapendekeza mtai kwa mstari uliochimba kioo chenyewe. Ni neno la zamani lenye maana ya chale au mstari mwembamba uliokatwa juu ya kitu, na linaonyesha kina, jambo ambalo mkwaruzo halionyeshi. Mtai mtu huweza kuusikia kwa ncha ya ukucha, ingawa hatumshauri yeyote kufanya jaribio hilo juu ya lenzi nzuri. Mkwaruzo tunalibakiza kwa alama isiyofika kwenye kioo, yaani ile ya utando.

Utando unahitaji maelezo. Kioo kitupu huakisi kama asilimia 4 ya nuru katika kila uso unaokutana na hewa. Lenzi kama Tessar ina nyuso sita za namna hiyo, kwa hiyo bila ya kinga hupoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nuru, na baadhi ya nuru hiyo huzurura ndani na kuififisha picha. Katika miaka ya 1890 Mwingereza Harold Dennis Taylor aligundua kwamba lenzi kuukuu zilizobadilika rangi usoni kwa umri zilipitisha nuru nyingi kuliko mpya. Yaani doa lililodhaniwa kasoro lilikuwa faida. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akifanya kazi kwa Zeiss, alipatia hataza njia ya kupaka lenzi utando huo kwa makusudi. Mng'ao wa zambarau au wa kijani unaoonekana katika lenzi ni wa utando huu, wala si rangi ya kioo. Utando wa lenzi za mwanzoni ulikuwa laini, na lenzi nyingi za zamani zina mikwaruzo midogo midogo ya mviringo iliyoachwa na watu waliozifuta kwa bidii. Alama hizo huonekana za kutisha zikimulikwa kwa tochi, na katika picha hazionekani. Utando ukitoka vipande vipande, kitenzi chake ni kuambuka.

Kasoro ya tatu si mkwaruzo kamwe, ingawa hupewa jina hilo: ni kuvu. Mahali penye joto na unyevu, kama Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini, hasa ikiwa katika mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Hutambaa kama nyuzi za buibui au matawi ya mti, na asiyeizoea huidhania mitai mingi. Wengi huiita ukungu, nasi tunawaomba waliache neno hilo hapa. Lenzi inayotolewa katika chumba baridi na kupelekwa nje hupata ukungu wa maji unaokauka wenyewe baada ya dakika chache. Kuvu haikauki ikatoweka, bali hutoa asidi inayoula utando na mwishowe kioo. Hati inayosema “lenzi ina ukungu” inaweza kumaanisha jambo la kungojea kidogo au jambo la kumpelekea fundi upesi. Kinga ya kuvu ni ukavu na mwanga: sanduku lisilopitisha hewa lenye vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, na lenzi kutumiwa badala ya kuhifadhiwa.

Wafasiri watuwie radhi tukisema kwamba katika vitenzi ndipo madhara mengi yanapofanyika. Maelekezo ya kigeni yanasema lenzi isafishwe, nasi tunafasiri: “safisha lenzi.” Lakini kusafisha katika lugha yetu hakutaji namna. Sufuria husafishwa kwa majivu na mchanga, na huko ni kusafisha kwa kusifika. Mchanga mwingi ni wa kwatsi, madini ambayo katika kipimo cha Mohs yana ugumu wa 7, ilhali kioo cha kawaida kina 5.5 hivi; kwa hiyo chembe ya mchanga iliyonaswa katika kitambaa ni patasi. Lugha yetu ina vitenzi vya kutosha kueleza hatua moja moja kwa mpangilio wake: kwanza puliza kwa mpira wa kupulizia, kisha pangusa kwa brashi laini, na mwisho, endapo alama ya kidole imebaki, futa polepole kwa kitambaa maalumu kilicholowanishwa kidogo. Kusugua kusitumike popote katika maelekezo ya lenzi isipokuwa katika kukanya.

Kutokana na kusugua huja ushauri unaozagaa kwamba mtai unaweza kuondolewa kwa dawa ya meno. Dawa ya meno ina chembe za kukwangua; kazi yake na kazi ya jani la msasa ni moja, tofauti ni ulaini tu. Uso wa lenzi umechongwa kwa usahihi unaopimwa kwa vipande vya urefu wa wimbi la nuru, na wimbi la nuru ya kijani ni kama sehemu 55 katika 100,000 za milimita. Kidole na dawa ya meno vitauondoa utando wote na kuacha bonde pale palipokuwa na mstari. Mtai ulikuwa ukizuia sehemu moja katika elfu. Bonde litaipotosha nuru yote ipitayo hapo. Viwanda vyenye mitambo huweza kunoa upya kilenzi na kukipaka utando, lakini gharama yake mara nyingi hupita bei ya lenzi nyingine. Njia ya mafundi wa zamani ina busara zaidi: mtai mkubwa au pengo la ukingoni hujazwa wino mweusi usiong'aa. Hapo mtai hautawanyi tena nuru, na kinachopotea ni lile eneo lake dogo tu.

Neno moja kwa watumishi wa serikali wanaoandika hati. “Lenzi imekwaruzika” na “lenzi imekwaruzwa” si sentensi moja. Ya kwanza inaeleza hali. Ya pili inamwashiria mtendaji, na mbele ya kamati ya upotevu wa mali inaweza kumtia mtu hatiani kabla hajaulizwa. Mkaguzi ambaye hakushuhudia tendo hana haki ya kutumia kauli ya kutendwa. Na badala ya neno “mbovu”, inatosha aandike hivi: “Kilenzi cha mbele kina mtai mmoja wa milimita 5 karibu na ukingo, utando una mikwaruzo midogo, hakuna kuvu, picha ya kivulini ni safi, picha ya kuelekea taa imefifia kidogo.” Picha hizo mbili za majaribio hupigwa kwa dakika moja.

Limebaki jambo ambalo hatujalipatia jina la kuturidhisha, nalo ni huko kufifia kwa picha kunakosababishwa na nuru iliyotawanyika ndani ya lenzi. Mng'aro lina sifa njema mno kwa kasoro. Ukungu wa nuru linaturudisha kule tulikotoka. Mtawanyiko wa nuru ni sahihi, lakini linataja sababu badala ya matokeo, tena ni refu kwa mtu anayejaza safu ya jedwali. Wasomaji walio karibu na mafundi wa kamera, hasa wa mwambao na visiwani, watatusaidia sana wakituandikia neno wanalolitumia mafundi hao wenyewe.